Saini Yangu Kwenye Daftari la Gundi

Kaka yangu,

Shikamoo. U hali gani, na kifua kimepungua? Sisi wazima, ila mpwa wako anaota magego na ameapa nisifumbe jicho. Naandika kwa mkono mmoja, yeye yuko kwenye mwingine, kwa hiyo mwandiko nisamehe.

Mama ameniambia mnavyoishi huko. Anasema tangu kile kiwanda kikubwa cha kemikali kishinde kesi, na hataza ya gundi yako, ile haki ya ugunduzi, ikabaki mikononi mwao, chakula hakikupiti. Anasema fundi wako humsalimii tena, unamwita nyoka, eti yeye ndiye aliyeliharibia sifa daftari lako la majaribio mbele ya hakimu. Mwache yule baba wa watu.

Gundi yako nimeiona dukani, kwenye makopo yenye nembo yao. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nasali. Kilichomo nakijua. Mimi ndiye niliyekuwa nakupimia unga kwenye mizani, tumbo likigonga meza.

Unakumbuka mimi na fundi tulihojiwa mmoja mmoja, mlango umefungwa, kwa sababu ya siri za kiwanda. Nilipotoka ukaniuliza kama nimewaweza, nikaitikia kwa kichwa. Kaka, sikuwaweza.

Wakili wao alifungua ule ukurasa wa mchanganyiko uliokubali. Akanionyesha neno “nimeona”, saini yangu na tarehe. Kisha akatoa karatasi ya hospitali: siku hiyo nilikuwa chumba cha kujifungulia. Akauliza kama jaribio lile nililiona kwa macho yangu. Nikasema hapana. Akalifunga daftari taratibu, kama mtu aliyeshiba. Kuanzia hapo kurasa zote zikaonekana za kughushi, hata zile nilizoziona kweli.

Hapana ile siijutii. Niliapa, na nina mtoto wa kulea. Ninachoungama ni nilichonyamazia. Kesho yake baada ya kujifungua ulikuja wodini vidole vimegandana kwa gundi ile ile, muuguzi akakaa anakubandua kimoja kimoja huku akikucheka. Huo ulikuwa ushahidi kwamba uliwatangulia, na muuguzi yupo bado. Mbele ya wakili wao maneno hayo yalinifika mdomoni nikayameza. Kwa nini? Kwa sababu siku ile ulinipa kalamu kabla hujauliza nimezaa nini. Mshono haujakauka, hata chai sijanywa, wewe unanionyesha pa kuandika tarehe ya jana. Kinyongo hicho nimekilea pamoja na mwanangu, na siku ya kuhojiwa ndicho kilichonifunga mdomo. Hakuna aliyeninunua.

Sasa nenda kamwombe fundi radhi, wewe mwenyewe, usimtume mama. Kisha ukikata rufaa, niite. Nitasema vidole, nitamtaja muuguzi, na kalamu nitaisema pia, wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Kama hiyo ya kalamu huwezi kuisikia mbele za watu, waachie gundi.

Mama mpe salamu zangu, na kifua ukitibu.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kibonge