Siku ya Fanouris Uwanjani

Kato Prinari,
Rethimno, Krete.
30 Agosti 2006

Mpendwa kaka yangu Manousos,

Hujambo huko Melbourne? Na wifi Evanthia, mgongo wake umepata nafuu? Huku sisi wazima, ila joto linatumaliza, na mizeituni mwaka huu imezaa kidogo.

Umeshasikia kwamba Sifis, mtoto wa kaka yetu Fanouris, amestaafu soka. Kiungo wetu huyo. Alianzia kwenye uwanja wetu huu wa changarawe, akaenda Iraklio, kisha ligi kuu kule Thesaloniki, kisha Ujerumani, hadi akavaa jezi ya taifa. Magoti yote mawili yamepasuliwa, na bado pasi zake zilikuwa zinafika mguuni mwa mtu kama zimepelekwa kwa mkono. Ndiyo, najisifu. Nimeshatema mate kuondoa husuda, kwa hiyo niache nijisifu.

Lakini Fanouris unamjua. Tangu kijana aache kondoo na kufuata mpira, hajakanyaga uwanjani hata siku moja. Halafu klabu yetu ya kijijini ikapanga mechi ya kumuaga siku ya Mtakatifu Fanouris, siku ambayo kijiji kizima huenda nyumbani kwa kaka kumpongeza kwa jina lake. Watu wa klabu, sijui vichwa vyao walivisahau wapi.

Sifis akamwomba, "Baba, ni mara ya mwisho. Njoo unione hii moja tu."

"Ni siku ya jina langu," Fanouris akamjibu. "Wageni waje wakute mlango umefungwa? Watanisemaje?"

Kijana akachukua viatu vyake vya mpira, akatoka. Niliuona uso wake, nikaumia sana.

Basi Fanouris akavaa shati jeupe, akapanga raki, pombe yetu kali, na vitamu mezani, akakaa kungoja wageni. Jua likaanza kushuka, hajaingia hata paka. Kijiji kizima, pamoja na padri, tulikuwa uwanjani. Mara nikamwona anateremka njia ya kanisani, sinia la raki mkononi, amefura.

"Nyinyi hamna adabu?" akafoka. "Nimekaa peke yangu kama mtu asiye na ndugu!"

"Miaka mingi, Fanouris," padri akampa salamu ya siku ya jina. "Sasa sogea, unatuziba."

Watu wakacheka. Fanouris akageuka amjibu, na hapohapo Sifis akapokea mpira katikati, akawahadaa wawili, akatoa pasi ndefu iliyozaa bao. Kaka yetu akabaki amesimama mdomo wazi. Raki yote ilinywewa kwenye sinia lake, naye hajui nani kachukua.

Kipenga cha mwisho kilipolia, Sifis akaja jasho linamtiririka, akambusu mkono. "Miaka mingi, baba."

Fanouris akamtazama, kisha akauliza, "Jumapili mnacheza na nani?"

"Hakuna Jumapili, baba. Nimemaliza."

Manousos, hata tulipomzika mama sikumwona Fanouris akilia. Siku hiyo alilia mbele ya watu wote, amemkumbatia mwanawe shingoni, akimwambia kila aliyepita, "Huyu ni wangu. Mmemwona?" Nami nililia, kwa fahari na kwa uchungu pamoja.

Ndiyo maana nakuandikia. Fanouris anajua kwamba miaka yote umekuwa ukirekodi mechi za Sifis kwenye televisheni, ila anaona haya kukuomba mwenyewe. Anazitaka kanda zote, hata za siku walizofungwa, na amesema utangulize ya kwanza kabisa.

Nisalimie Evanthia, mwanao Kostis na mkewe. Mungu awape afya, na awarejeshe huku tungali hai.

Mimi dada yako ninayekupenda na kukukumbuka,
Argiro