Unanisamehe Parabrizi Uliyoipasua Mwenyewe

Kambale uliyekuwa mchumba wangu,

Nimesikia umenisamehe. Dada yako Kahindo alitoka Beni mpaka Butembo kuniletea habari hiyo. Alikaa kwenye kiti cha mama yangu, akanywa chai yetu, akasema Jumapili ulisimama kanisani wakati wa ushuhuda, ukatangaza kwamba Mungu amekupa moyo wa kumsamehe Kavira na sasa harusi inaweza kuendelea. Watu wakapiga makofi, anasema. Kwa kuwa ulinisamehe mbele ya watu, nakujibu mbele ya watu. Barua hii waisome wote waliopiga makofi.

Unaikumbuka asubuhi ile? Mimi nakumbuka hata baridi yake. Ulikuwa umepata pikipiki, na siku hiyo tulikuwa tunashuka Beni ili mama yako anione kwa mara ya kwanza. Ulitaka tuingie na parabrizi, kile kioo cha plastiki cha kuzuia vumbi na upepo, maana ulisema mwanaume mwenye parabrizi anaonekana ana mipango. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Ulikuwa unapuliza vidole vyako kwa baridi, nami nikafikiri ningeweza kukuangalia hivyo maisha yote. Nilikupenda, Kambale. Leo nikikumbuka najicheka.

Ulinipa kazi ya kushika kioo wakati wewe unafunga visi, zile skrubu za kukishikilia. Nilikishika kwa viganja, sikukikunja wala kukivuta. Nilipoona plastiki inaanza kubonyea pale kwenye tundu, nikakuambia, "Kambale, inatosha."

"Weye unajua nini? Barabara ya Beni inafungulaka kila kitu. Lazima kukaza mpaka mwisho!"

Hapo nakuelewa kidogo, maana ndiyo akili ya kila mwenye pikipiki wa huku. Barabara yetu inatikisa mpaka meno. Leo unapoteza taa, kesho unapoteza namba, kwa hiyo mtu anakaza kila kitu kwa nguvu zote za bega. Lakini chuma ni chuma na plastiki ni plastiki. Chuma kinavumilia ujinga. Uliuma ulimi, ukazungusha turnevisi, bisibisi yako, mara nyingine tena, na tukasikia sote wawili: ka! Ufa ukatoka kwenye tundu la visi ukapanda mpaka juu.

Ukalaumu kiwanda. Ukamlaumu muuzaji. Ukalilaumu jua, na jua lilikuwa bado halijachomoza. Mfa maji haachi kutapatapa. Halafu ukabandika skochi, ule utepe wa gundi, tukaondoka, na Beni tukaingia na nusu ya parabrizi, skochi ikikupiga usoni. Nusu ya pili ilibaki njiani mahali fulani.

Mama yako alitupokea vizuri. Aliniita binti yake kabla hata sijakaa. Kisha akaangalia pikipiki.

"Na hii, nini iliipasua?"

Nikakugeukia nikitabasamu, nikingoja ucheke, useme ulikaza kupita kiasi. Lilikuwa neno jepesi namna hiyo. Ukasema, "Ni Kavira, mama. Alishika mubaya."

Unajua desturi yetu. Msichana aliyeletwa kuonwa habishani na mchumba wake mbele ya mama mkwe, siku ya kwanza, chakula bado kiko motoni. Ulijua mdomo wangu umefungwa, na ndiyo maana ulithubutu. Mama yako akaangalia mikono yangu, akasema polepole, "Ah. Muke wa mukono nguvu anaharibiaka nyumba." Tukala fufu na sombe. Wewe ulikula vizuri, ukaongeza.

Haukupita muda mrefu neno likafika Butembo: harusi isubiri, msichana ni mzembe. Sokoni wanawake wenzangu wakawa wananiuliza nimevunja nini tena leo. Baba yangu hakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilingoja uje uliseme lile neno jepesi, hata kwa siri, hata kwa baba peke yake. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema, na wewe siku zote unavuma. Siku moja tu uliyotakiwa kuvuma, kimya.

Basi nikaendelea na biashara yangu ya viazi vya Masereka, kule milimani, na biashara ikanipa pikipiki yangu. Nikaifunga parabrizi mwenyewe. Ngoja nikufundishe bure, labda mke utakayempata atapumzika. Tundu la plastiki liwe pana kidogo kuliko visi. Kata mpira wa gurudumu la zamani, weka kipande mbele na kipande nyuma. Ingiza visi zote kwa vidole kwanza, ndipo uchukue turnevisi, ukaze kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Mpira ukianza kuvimba, acha. Kama unaogopa barabara itaifungua, weka ekru ya pili, yaani nati, juu ya ile ya kwanza, na nguvu zako za ng'ombe uzimalizie hapo, chuma kwa chuma. Parabrizi yangu imepanda Masereka na kushuka Beni kipindi chote cha mvua, na haina hata mkwaruzo wa maana.

Ni huko Beni mama yako aliponiona, sokoni, nikishusha viazi.

"Kavira, kuya hapa. Nani alikufungia hii?"

"Ni mie mwenyewe, mama."

Akagusa vipande vya mpira kwenye matundu. "Kambale alileta ingine. Ikapasuka tena, mu cour yangu, mbele ya mulango wa nyumba, nikiona na macho yangu. Nikamuuliza: na leo nani alishika mubaya?"

"Alijibu nini?"

"Eti plastiki ya siku hizi."

Hapo katikati ya magunia, mama mzima akaniomba msamaha, mimi niliye mtoto kwake. Nililia, sifichi. Akasema atakutuma uje Butembo kuomba msamaha wewe mwenyewe, mbele ya baba. Na wewe umefanya nini? Umetumwa kuomba msamaha, ukaenda kuutoa! Nimejua watu wenye aibu kidogo, lakini wewe Mungu alikusahau kabisa siku ya kuigawa.

Ningeweza kuishi na mwanaume anayepasua parabrizi kila mwaka. Tungecheka, tungenunua nyingine. Nilitaka tu mtu ambaye mama yake akimuuliza, anasema, "Ni mimi."

Baba amekubali uchumba uvunjike. Wale mbuzi ambao wajomba zako walileta siku ya kuniomba watarudi Beni Jumamosi hii, pamoja na mwanambuzi aliyezaliwa hapa kwetu. Wajomba zangu watawakabidhi kwenu, na kabla ya kuachia kamba watakuuliza, mama yako akiwa amekaa hapo, kosa lilikuwa la nani. Mimi sitakuwepo. Utajibu mwenyewe.

Baki salama, na ubaki huko huko Beni.

Mimi niliyekuwa mchumba wako,
Kavira