Profesa Rijal Anang'atuka

Jumapili, 22 Septemba

Nimekuwa mhariri! Mimi, Roshani Amatya, niliyesahihisha nukta na mikato ya wenzangu kwa miaka tisa. Bodi imekaa leo Kirtipur, imekula momo, imekubali. Profesa Rijal anang'atuka. Amelihariri jarida letu la sosholojia tangu mimi nikisuka mikia miwili. Alisimama akafuta macho kwa skafu — kulia hakulia, nilikuwa karibu. Kuanzia leo jarida ni la Roshani, akasema, yeye anakwenda kupanda nyanya. Makofi!

Nikamwomba nywila ya barua pepe ya jarida. Makala zote zimo humo, pamoja na majibu ya wahakiki, na anayeijua nywila ni yeye tu.

"Baada ya Dashain, binti yangu. Sikukuu iko mlangoni, nani anafanya kazi?"

Haya. Sikukuu ni sikukuu.

Dolma, naibu wangu, hakupiga makofi. Makala yake imelala humo mwaka wa pili sasa. Ikitoka kwenye toleo la Januari, anapata ajira ya kudumu. Isipotoka, mkataba unaisha na anarudi kwao Rasuwa. Toleo linakwenda kwa mchapaji kabla ya mwaka kwisha. Nimemwahidi itakuwemo. Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya tika, kilele cha Dashain. Nimepanga foleni nyumbani kwa Profesa pamoja na wanafunzi wake wa zamani, wengine wana mvi kuliko yeye. Alinibandika mchele mwekundu kipaji kizima, akaniombea dua: niishi miaka mia, kalamu yangu isikauke. Nikanong'ona: na nywila, Profesa?

"Shh! Siku ya baraka hatuzungumzi kazi. Baada ya sikukuu ya Tihar."

Mchele ukaniingia jichoni. Mkewe akadhani nalia kwa furaha, akanipa peremende.

Jumatatu, 4 Novemba

Tihar imekwisha jana. Leo asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Goti linamuuma, hawezi kufikiri. Lakini goti halikumzuia kuchapisha kadi mpya: Profesa Damodar Rijal, Mhariri Mlezi. Cheo hicho bodi haijapata kukisikia.

Dolma aliigeuzageuza ile kadi. "Mlezi? Kwani jarida bado linanyonya, dada?"

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 29 Novemba

Mungu wangu! Profesa amekwenda kwa mnajimu!

Rijal! Aliyeandika kile kitabu kinene — tunawafundishia watoto wa watu hadi leo — kwamba mwanakijiji anayeahirisha harusi kwa ajili ya nyota ameikodisha akili yake. Sasa mnajimu wa sokoni Asan kamwambia nyota yake haina saa njema mwezi huu. Na mwezi ujao, kwa kalenda yetu, ni Poush. Poush hakianzishwi kitu, hata banda la kuku. Kwa hiyo tungoje Magh, katikati ya Januari! Toleo litakuwa limeshachapwa, jina la Profesa bado liko kwenye jalada, na Dolma yuko njiani na masanduku.

Nikamkumbusha kitabu chake. Hakuona haya hata chembe.

"Binti yangu, pale niliandika kuhusu wanakijiji."

Miaka arobaini ya sosholojia, na yote imo katika sentensi hiyo! Nilikasirika hata nikakosea mlango wa kutokea, nikajikuta stoo kwao, katikati ya magunia ya mchele. Nyanya sikuona hata moja.

Nilipomweleza Dolma, aliendelea kumenya chungwa. "Usijali, dada. Rasuwa kuna viazi vizuri." Afadhali angenitukana.

Jumanne, 3 Desemba

Nimefanya jambo. Sijui nicheke au nijifiche.

Nimekwenda Asan kwa mnajimu yuleyule. Mimi, mwenye shahada tatu! Nilijitanda mtandio mpaka puani wanafunzi wasinione. Nikawakuta wawili kwenye foleni, mitihani iko karibu. Tukasalimiana kwa macho na kila mtu akaangalia ukuta wake.

Nikamwuliza mzee: kazi inapobadilisha mikono, inaangaliwa nyota ya nani, ya anayeondoka au ya anayeanza? Akanikodolea kama nimeuliza iwapo maji yanalowesha.

"Ya anayeanza, mwanangu. Anayeondoka anaanza nini?"

Nikatoa karatasi ya nyota yangu. Mama aliichomoa sandukuni jana huku karibu apige vigelegele — anangoja nizinduke tangu nilipomkataa mchumba wa kwanza. Mzee akapiga hesabu, akalamba kidole, akapiga tena. Jumapili ya tarehe kumi na tano, siku ya mwisho kabla ya Poush, saa tatu asubuhi. Tena litakaloanzwa saa hiyo, akasema, litadumu. Nikamwomba ampigie Profesa simu yeye mwenyewe. Akapiga palepale.

Dawa ya moto ni moto. Ila mwanakijiji wa kwenye kile kitabu leo ni mimi.

Jumapili, 15 Desemba

Naandika ofisini. Mlango nimeutia komeo.

Saa tatu sote tulikuwa ukumbini. Profesa hakuwa na pa kukimbilia — abishane na mnajimu wake? Alinivisha skafu ya heri. Akahutubia kuhusu uzuri wa kupokezana madaraka, chai ikaganda utando. Mwisho akaninong'oneza nywila kama anayetoa siri ya taifa. Ni jina lake na mwaka aliozaliwa! Mwizi wa kuku angeibahatisha.

Nikawaacha na samosa, nikaja huku kufungua. Makala zimerundikana kama nguo chafu. Ya Dolma nimeiona. Wahakiki wote wawili waliipitisha zamani, na majibu yao hayajafunguliwa! Miaka miwili msichana wa watu anahesabiwa hajui kuandika.

Na juu kabisa, imetumwa leo alfajiri, makala ya Profesa mwenyewe: Kung'atuka kwa Heshima. Kurasa tisini! Eti itangulie toleo langu la kwanza, na wahakiki ameshawachagua. Ikiingia hiyo, haiingii nyingine.

Ya Dolma nimeituma kwa mchapaji. Kisha nimebadilisha nywila.

Sasa hivi mlango umegongwa. "Roshani! Binti yangu! Barua pepe yangu haifunguki kwenye simu."

Yangu!

Hajanipa hata saa moja. Nimesikia hasira ikipanda, halafu ikageuka kitu kingine, kitamu. Nikajibu kwa sauti ya asali: "Pole, Profesa. Lakini kesho ni Poush, tusianzishe jambo. Tuliangalie Magh, goti likipona."

Kisha nikamsikia Dolma huko koridoni akicheka, kicheko cha tumbo, mara ya kwanza tangu Septemba. Nami nimecheka. Halafu nikaangalia ukutani: saa njema ya mnajimu bado haijaisha, na linaloanzwa humo hudumu.

Anagonga tena. "Binti yangu?" Sijainuka. Kumbe kiti hiki ni laini.