Fatiha ya Wachuuzi Watatu

Zainabu, mjukuu wangu,

Salamu zikufikie huko Maputo uliko. Mguu wa bibi yako umepoa, na dada yako kajifungua mtoto wa kiume. Ya kukimbia vita tuyaache. Tumerudi nyumbani, na paa lipo.

Umeniuliza: mwalimu wenu wa sheria anasema wafanyabiashara wakila njama ya bei hawaandiki karatasi, basi kinachowafunga ni nini? Usicheke. Sisi ilitufunga Fatiha.

Tulikuwa wachuuzi watatu wa samaki, na barafu yote ya hapa ilikuwa yetu. Tukakubaliana bei moja ya kununulia, asizidishe mtu. Tukainua mikono, tukasoma Fatiha, tukamwomba Mungu atubarikie. Tuliuita umoja.

Kesho yake akaja Shabani, rafiki yangu, mvuvi wa kisiwa cha Macaloe, na tenga la changu. Bei ya mchuuzi wa kwanza aliikataa, akaenda kwa wa pili, kisha akaja kwangu. Jua lilishapanda, samaki wameanza kulegea. Nikamtajia bei ileile, huku nikitazama chini.

Akacheka. "Leo nimekutana na mtu mmoja mara tatu," akasema, akaniuzia.

Hakuja tena kwangu, hata kwa kahawa. Nami sikwenda kumwomba radhi. Niliona haya, na miaka ikapita.

Mwezi uliopita tumemzika. Watu walipoinua mikono kumsomea Fatiha, mikono yangu ilikuwa mizito. Mimi yangu nilishamsomea zamani, Zainabu, angali hai.

Babu yako