Soksi za Sufu kwa Nchi ya Joto

Yecheon, 9 Septemba 1967

Mwanangu Sang-gu,

Kwa heshima na taadhima, nyumba ya Pyo inawatangazia ndugu, jamaa na jeshi zima la Jamhuri kwamba jana saa nne asubuhi baba yako, fundi saa kwa miaka ishirini na mbili sasa, aliketi juu ya miwani yake mwenyewe. Kioo cha kulia kimefariki. Cha kushoto kinaendelea vizuri. Mama yako hakutoa rambirambi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Hujambo? Tumbo limeyazoea maji ya huko Vietnam? Sisi wazima, isipokuwa miwani.

Tumekutumia kifurushi. Mama yako hajui kuandika na mimi sijui kunyamaza, kwa hiyo tumegawana kazi: yeye anasema, mimi naandika. Anasema humo kuna kopo zima la pilipili ya mtungi, uwagawie wenzako usijifiche nalo. Kuna mwani mkavu, dagaa wa kukaanga, na jozi tatu za soksi za sufu. Nikamwambia, "Mama Sang-gu, mtoto yuko nchi ambayo hata mijusi wanatafuta kivuli." Akaniuliza, "Wewe umefika?" Nikasema sijafika. "Basi andika soksi." Nimeandika soksi.

Bakuli lako la wali bado analifunika blanketi kila jioni, kwenye ile pembe ya sakafu inayopashwa moto kwa chini, kana kwamba utaingia wakati wowote. Asubuhi wali huo naula mimi. Wengine vita vinawakondesha, mimi vinaninenepesha.

Baba yako


Qui Nhon, 2 Oktoba 1967

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi mzima, nimeungua tu pua kwa jua. Poleni kwa msiba wa kioo.

Kifurushi kimefika, na sasa Baba nina shauri na wewe. Kopo la pilipili uliliziba kwa kulehemu, kama saa isiyotakiwa kuingia maji. Umesahau kwamba pilipili ya Mama ni kitu hai, inachacha, inapumua. Wiki mbili melini kwenye joto, halafu likapasuka juu ya kitanda cha rafiki yangu, Koplo Tak. Sajini akaingia, akaona ukuta mwekundu mpaka darini, akapiga kelele, "Nani kapigwa?" Tak akajibu, "Mimi, afande. Nimepigwa na mama yake Pyo."

Tuliikwangua ukutani kwa vijiko tukaila na wali. Watu wazima walilia, na si kwa ukali wake.

Mama, soksi zimepata kazi. Tunachujia kahawa.

Naomba kitu kimoja: picha yenu wawili. Tak ana picha ya wazazi wake, ananiringia kila jioni.

Mwanenu, Sang-gu


Yecheon, 5 Januari 1968

Mwanangu Sang-gu,

U hali gani? Heri ya mwaka mpya. Usininunie kwa ukimya wa miezi mitatu. Fundi saa ndiye mtu wa mwisho kujua ni saa ngapi.

Sisi hatujambo. Theluji imefika magotini. Safari hii kopo nimelifunika kitambaa nikalifunga kamba tu, liweze kupumua, na mama yako anasema ndivyo alivyoniambia tangu mwanzo ila mimi ni mbishi.

Soksi hakuna. Habari za kahawa zimemfikia, amegoma. Anasema jeshi litafute chujio lake.

Picha nayo isubiri. Hataki kupigwa picha mpaka jino la mbele litengenezwe, na daktari wa meno amemwogopa.

Bakuli lako bado liko chini ya blanketi.

Jitunze, mwanangu. Angalia unapokanyaga.

Baba yako


Qui Nhon, 26 Februari 1968

Baba, Mama, shikamooni.

Mimi mzima. Huenda redio imewaambia mengine, lakini mimi mzima.

Koplo Tak amekufa. Kabla ya hapo alipata barua kutoka kwao kwamba kaka yake amezama mtoni. Wiki nzima alitembea kama mtu aliyelala macho wazi. Ukimwita, anaitika baada ya kitambo. Tukiwa kwenye njia tuliyopita mara kumi, alikanyaga pasipokanyagwa. Mimi ndiye niliyefunga vitu vyake. Picha ya wazazi wake nimeiweka juu kabisa.

Baba, mwambie Mama naomba radhi kwa ile habari ya kahawa. Ulikuwa utani. Avunje mgomo. Hapa usiku kuna mvua, na miguu haikauki. Anifumie hata mguu mmoja tu.

Na picha, jino au bila jino.

Mwanenu, Sang-gu


Yecheon, 20 Machi 1968

Mwanangu,

Pole sana. Pole kwa Tak. Nimemkumbuka siku nzima, mtu ambaye sikumwona, aliyelalia pilipili yetu.

Sisi wazima. Mama yako anasema radhi umepewa zamani, na soksi zinafumwa, usimharakishe.

Picha hii hapa. Ni yangu peke yangu, uniwie radhi, jino bado lina kesi. Nimevaa koti la harusi yangu. Limenibana hata mpiga picha akaniomba nipumue. Mama yako anasema nimetoka kama karani wa posta aliyefukuzwa kazi.

Baba yako


Qui Nhon, 11 Juni 1968

Baba, shikamoo.

Picha ilifika mwezi wa nne. Nimechelewa kujibu kwa sababu nimekuwa nikiiangalia.

Kwenye koti lako, kifuani upande wa kushoto, kuna utepe wa katani. Utepe wa aliyefiwa. Mwanzo nilisema ni doa la karatasi. Nikaazima kioo cha kukuzia kwa mchora ramani. Si doa.

Nani amekufa?

Usiniandikie aliyosema Mama. Niandikie wewe.

Mwanao, Sang-gu


Yecheon, 29 Juni 1968

Mwanangu Sang-gu,

Barua hii umepewa na sajini mkononi. Nimemwandikia yeye kwanza, nikamwomba akupe ukiwa umekaa, na asikutoe kambini siku chache. Ukiisoma, ujue amekubali. Kwa hiyo kaa.

Mama yako amefariki. Alifariki tarehe ishirini na saba Novemba.

Ilikuwa msimu wa kutia kabichi chumvi. Tarehe ishirini na tatu alikuwa uani na Mama Ok-bun, jirani yetu, na vichwa sitini vya kabichi. Alikuwa anamtania kwamba anakata kabichi kama anayepasua kuni. Halafu akasema kichwa kinamuuma, akaketi kizingitini, mkono mmoja ungali ndani ya beseni. Tulimbeba ndani. Daktari akasema mshipa umepasuka kichwani.

Ningependa kukuandikia kwamba yeye ndiye aliyekataza usiambiwe. Sivyo. Siku hiyohiyo jioni alifumbua macho, akasema, "Sang-gu aitwe."

Asubuhi nilikwenda posta. Nilijaza fomu ya telegramu. Karani akaniuliza, "Mzee, unatuma?" Nikawaza: hawatamruhusu. Nikawaza tena: na wasipomruhusu, atashika bunduki huku akili iko huku kwetu. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Nyingine ni kwamba niliogopa tu. Niliikunja fomu nikaitia mfukoni.

Niliporudi aliniuliza kama nimetuma. Nikasema nimetuma. Akauliza utachukua siku ngapi kufika. Nikasema tatu. Mwanangu, alizihesabu. Kila kukicha aliuliza zimebaki ngapi. Siku ya tatu alikaa ameelekea mlangoni tangu alfajiri, na jioni akaniambia nifunike bakuli lako vizuri, wali usipoe. Hakusema tena.

Mahali pako mbele ya jeneza palikuwa wazi. Watu walidhani umepata habari ukakataa kuja. Walikusema, nami nilisikia nikanyamaza. Mwezi huu nimepita nyumba kwa nyumba kuwaeleza. Wengine hawanisalimii tena, na wana haki.

Januari sikuweza kuandika kweli. Mwanzoni mwa Machi niliiandika, barua ilikuwa tayari mezani, ndipo ya kwako ikaja na habari za Tak. Nikaichana. Tangu Januari kila alichosema mama yako nilikisema mimi. Mgomo ni wangu. Jino ni langu. Nilijaribu kumwigiza, na kuna jioni nilipoandika "mama yako anasema" nikainua kichwa nikasubiri aseme.

Ule utepe nilikuwa nimeuzoea kama vifungo vya koti. Mpiga picha aliniambia ninyanyue kidevu, na hilo tu ndilo nililolikumbuka.

Yaliyo kweli ni haya. Pilipili ya Januari aliisaga na kuitia mtungini mwenyewe. Na barua ya kahawa nilimsomea Oktoba akiwa mzima. Hakukasirika hata kidogo. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, "Basi nimfumie nyingine, ya chai." Akaanza jioni ileile. Bakuli pia ni kweli. Bado nalifunika kila jioni, ila mimi sijui kulifunga blanketi kama yeye, asubuhi wali umekauka.

Ndani ya kifurushi hiki hakuna chakula. Kuna soksi moja, imekamilika. Ya pili iliishia kisiginoni. Hiyo nimebaki nayo mimi.

Na kuna utepe wako wa katani. Ulikatwa siku moja na wangu, kutoka kitambaa kimoja. Mama Ok-bun aliniuliza huu wa pili ni wa nani, nikamjibu ni wa mtoto. Nimeuweka miezi saba kwenye droo ya vioo vya saa. Uvae siku utakayoweza, hata kwa ndani ya shati.

Sikuombi unijibu. Ukiweza, andika neno moja tu, kwamba utepe umefika.

Baba yako