Kiwanja cha Mama Mkwe Nilichokigeuza Makaburi

Mpendwa mshauri, kabla hujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, maana hapa nilipo nimekalia kuti kavu na mtu wa kunishusha simwoni zaidi yako. Mimi ni mchoraji wa ramani katika ofisi ya mipango miji, nina miaka thelathini na minne, mke mmoja na mtoto mmoja, sinywi, sivuti, wala sina mwanamke wa nje, kwa hiyo usihangaike kutafuta kosa upande huo, kosa langu mimi ni kiwanja. Na tafadhali jina langu usilitaje, kwa sababu mama mkwe wangu husoma ukurasa wako kila Jumapili baada ya chai, tena kwa sauti, na asiyesikiliza anaulizwa maswali.

Nianze mwanzo. Kazi yetu ni kuchukua picha zilizopigwa kutoka angani, kuchora mipaka ya kila kiwanja kwenye kompyuta, kisha kukipa rangi kulingana na matumizi yake, manjano makazi, nyekundu biashara, buluu shule na hospitali, kijani mahali pa wazi, kijivu makaburi, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza ramani hiyo kuwekwa hadharani, yaani mtu yeyote mwenye simu anaifungua, anagusa kiwanja chake, na kijisanduku kinatokea kumwambia ukubwa wake na kimepangiwa nini. Ni kazi nzuri na naipenda, ila mama mkwe hajawahi kuiita kazi. Yeye ni mwalimu mstaafu wa chekechea, miaka thelathini na moja amelea watoto wa watu, na siku mke wangu alipomweleza ninachofanya ofisini alisikiliza kwa adabu zake zote, halafu akasema kuwa hata watoto wake wa darasa la vidudu walipaka rangi bila kutoka nje ya mstari, na mchana walilala. Tangu siku hiyo ukweni naitwa Mpaka Rangi, na jina limeshika, mashemeji wananiita hivyo, hata mtoto wangu wa kumzaa ameshajaribu mara mbili.

Sasa mama ana kiwanja chake pembeni ya mji, anataka kujenga hapo chekechea yake mwenyewe, ndiyo ndoto yake tangu astaafu, viti vidogo ishirini na vinne ameshanunua na kupaka rangi kwa mkono wake, vimejaa sebuleni mpaka makochi yametolewa nje, ukienda kumsalimia unakaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne, magoti yamegusa masikio. Na kwa miezi saba, kila Jumamosi, siku yangu pekee ya kulala, saa kumi na mbili asubuhi simu inaita, mkwe, shikamoo mama, marahaba, majani yameota. Basi naamka, nachukua fyekeo, naenda. Sijawahi kukataa, mshauri, hilo liandikwe.

Ndipo tukaletewa programu mpya ya kuchorea, na mkufunzi akatuambia, tulikuwa wachoraji tisa, kila mmoja achague kiwanja anachokijua, akipe matumizi ya uongo ya kujaribia, ajaze na sehemu ya maelezo iliyo chini kabisa, ambayo nilielewa ni ya watumishi wa ofisini tu, kisha mwisho wa somo tufute. Mimi kidole kikaenda chenyewe kwa mama mkwe. Nikakipaka kijivu, makaburi, na kwenye maelezo nikaandika hivi: Hapa umezikwa usingizi wangu wa Jumamosi. Mwenzangu wa meza ya pili alicheka mpaka chai ikamtokea puani, nami nikajiona bingwa. Halafu umeme ukakatika, mkufunzi akaaga, tukaondoka. Kumbe programu ile kwa wema wake huhifadhi kila kitu yenyewe, na mimi nikasahau, wallahi nilisahau kabisa, mpaka ramani ilipotoka.

Mama alikwenda kwenye dirisha la vibali na michoro yake ya chekechea chini ya kwapa, amevaa gauni lake la sherehe, na kijana wa dirishani akatazama ramani ya karatasi iliyobandikwa ukutani, akamwambia mama, hapa ni makaburini, watoto huwezi kuwaweka. Wazazi waliokuwa wameshaandikisha watoto wao wakapata habari, na mpaka ninapoandika watano wameshajitoa. Mjomba wa mke wangu, ambaye hukumbuka kila kitu kikiwemo kisichotokea, ameanza kukumbuka kuwa zamani aliona watu wamebeba jeneza kuelekea huko. Mke wangu ameapa kuwa akimjua aliyefanya hivyo atamvua shati mbele ya watu, na ameyasema hayo akinipigia pasi shati. Nami nilipoulizwa na familia nzima, wewe si ndiyo ofisi yako, imekuwaje, nikasema ni kompyuta. Ndiyo, mshauri, nilisema kompyuta, macho makavu.

Tatizo ni kwamba siwezi kuirekebisha kimyakimya. Tangu ramani itoke imefungwa kwetu wachoraji, njia ni moja tu, fomu ya marekebisho, nayo inataka sahihi ya mwenye kiwanja, inataka mchoraji aeleze kwa maneno yake mwenyewe kosa lilitokeaje, na juu yake inachapwa kumbukumbu ya zamani yote, pamoja na ule upuuzi wangu wa usingizi. Mwisho wa kupokea pingamizi na marekebisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo ramani inatiwa muhuri, na mpaka ipitiwe tena ni miaka mitano. Mama ana miaka sitini na sita. Nikivitazama vile viti vidogo chakula hakipiti.

Na kinachonimaliza zaidi ni wema wake. Wiki tatu zilizopita tulikuwa na siku ya wananchi kuja kutazama ramani kwenye skrini kubwa, naye akaja, mimi nikajificha nyuma ya kabati la majalada, nikamwona amevaa miwani, amegusa kiwanja chake, amesoma kijisanduku polepole toka juu mpaka chini kama anawasomea watoto hadithi, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akasoma tena, akaondoka. Tangu siku hiyo hajanipigia simu hata Jumamosi moja. Juzi alimwambia mke wangu aniache nilale, eti usingizi wa mtu ni kitu cha kuheshimiwa. Hajawahi kunihurumia hivyo tangu nimwoe binti yake, na mimi huku nimemwulia chekechea yake. Nifanye nini, nimwambie na kuvunja nyumba yangu, au ninyamaze mtu mwingine aligundue? Nisaidie, siku zinakwisha.

Ni mimi, Mpaka Rangi.

*

Mpaka Rangi,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na kucheka nimecheka, mhariri wangu alikuja kuuliza kama naumwa. Sasa kicheko kimekwisha. Kaa vizuri.

Utani kati ya mkwe na mama mkwe sina ugomvi nao, na kama ulivyonieleza, yeye ndiye aliyeanza. Ungeyaandika maneno yale kwenye daftari lako tungeishia kucheka. Lakini wewe umeyaandika kwenye ramani ya watu wote. Kijana wa dirishani hakujui, hajui fyekeo lako wala simu zako za alfajiri. Yeye ameona kijivu, akamwambia mwalimu mstaafu aliyevaa gauni la sherehe arudi nyumbani na michoro yake. Hapo ndipo utani wako ulipofika, na wewe hukuwepo kumwambia yule kijana kuwa unatania.

Halafu ukasingizia kompyuta. Kompyuta inajuaje kuwa una mama mkwe?

Ila sitakusema sana, kwa sababu umeandika barua ndefu na jambo kubwa kuliko yote limekupita. Mji wako uliutaja, hapa tumeuondoa. Umesema ramani ni ya kila mwenye simu, nami simu ninayo. Nikaifungua, nikatafuta kijivu kidogo katikati ya manjano mengi. Chai yangu ilikuwa bado ina moto nilipokipata. Nikagusa. Kijisanduku kikatokea: ukubwa, matumizi, na chini kabisa, kwenye maelezo, neno kwa neno, hapa umezikwa usingizi wangu wa Jumamosi.

Ile sehemu si ya watumishi wa ofisini, ndugu yangu. Ni ya dunia nzima.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mama alisoma toka juu mpaka chini. Akafuta miwani. Akasoma tena. Tangu siku hiyo hakuamshi Jumamosi, na anamwambia mkeo usingizi wa mtu ni kitu cha kuheshimiwa. Unaita huruma? Mama mkwe wako amejua kwa wiki tatu, na kwa wiki tatu anakwambia kuwa amejua, kwa lugha uliyoiandika wewe. Mtu aliyekaa na watoto wadogo miaka thelathini na moja hamuulizi aliyevunja chaki. Anaendelea na somo, anasubiri mkono unyooshwe.

Na kwa nini asubiri, wakati siku zake zinakwisha na viti vimejaa sebuleni? Angeweza kwenda kwa mkuu wako wa kazi siku ileile, na leo ungekuwa unaniandikia kuhusu kutafuta ajira. Hakwenda. Hajamwambia hata binti yake, maana shati lako bado liko mwilini. Amehatarisha chekechea yake ili akupe wewe nafasi ya kusema mwenyewe. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua yako mara nne, na kila mara nampenda zaidi huyo mama. Wewe uliyebahatika kuwa mkwe wake ulikuwa nyuma ya kabati.

Basi, nisikilize. Kesho asubuhi chukua fomu, uijaze sehemu yako kwa kalamu, bila kuzungukazunguka. Usiandike kwamba kosa lilijitokeza. Andika nilifanya, nilisahau, nilidanganya. Mpelekee mkuu wako aione kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Akikukaripia, itikia ndiyo. Na ukiwa hapohapo mwambie kuwa mlikuwa wachoraji tisa siku ile, umeme ulikatika kwa wote, na programu ilihifadhi ya wote. Mwenzako aliyetokwa na chai puani alichagua kiwanja cha nani, akakifanya nini? Kuna mtu katika mji huo ambaye nyumba yake leo ni soko la ng'ombe na hana habari. Vikaguliwe vyote tisa kabla ya ile Ijumaa ya muhuri.

Ijumaa hii jioni mwambie mkeo. Usimwambie akiwa na pasi mkononi. Atakasirika, na ana haki, na shati ukivuliwa umevuliwa. Mjomba mwacheni. Nyie mkimaliza atakumbuka kuwa yeye alisema tangu mwanzo ni kosa la ofisi.

Wale wazazi watano ni wa kwako. Utakwenda nyumba kwa nyumba, na karatasi iliyotiwa muhuri mkononi, uwaeleze kuwa hapajazikwa mtu pale na kwamba aliyesema pamezikwa ni wewe. Utaona aibu mara tano, kisha itakwisha. Na kufyeka utaendelea kufyeka mpaka siku chekechea itakapofunguliwa. Ukichoka, mwambie mama kwa mdomo wako kwamba Jumamosi hii nimechoka. Miezi saba umemeza neno dogo kama hilo, likaenda kutokea kwenye ramani ya mji.

Kwa mama mwenyewe utakwenda Jumamosi. Chagua kiti kidogo kuliko vyote pale sebuleni, ukae, magoti yaguse masikio, umpe fomu na kalamu, na uyasome yale maneno ya usingizi wewe mwenyewe, kwa sauti. Usimwachie ayasome yeye. Kisha nyamaza usubiri. Kama ninavyomfikiria, atatia sahihi kwanza ndipo atacheka, na hilo jina lako la Mpaka Rangi litakuwa jepesi kulibeba kuanzia hapo.

Usiahirishe hata siku moja. Jibu hili nimekutumia mapema kwa sababu, ingawa jina lako nimelificha, gazeti linatoka Jumapili, na mama atalisoma baada ya chai, kwa sauti, na asiyesikiliza ataulizwa maswali. Akifika mwisho wa ukurasa huu awe ameshayasikia yote kutoka kwako.

Kwa hiyo Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, piga simu wewe. Mwamkie, akiitikia mwambie majani yameota, na kwamba uko njiani.