Daktari wa Ndoo

Kihesa,
Iringa.
9 Agosti 1976

Mpendwa Kaka Crispin,

Anayekuandikia ni daktari hodari kuliko wote toka Iringa hadi Tunduma, na darasa la saba sikulimaliza. Kamwene! Hujambo? Vumbi la Makongolosi halijakumaliza kifua? Sisi wazima, isipokuwa mmoja.

Usicheke, ni daktari wa timu. Nina ndoo ya maji, kitambaa na dawa ya kuchua. Mtu akianguka namwagia, anafufuka.

Majuzi tulikwenda Mbeya kucheza Iyunga. Kwenye lori tulikuwa na dada mmoja wa Chuo Kikuu, Atuganile, anafanya utafiti: michezoni nani huumia zaidi, wavulana au wasichana? Wavulana tukagombania kumwonyesha makovu. Saulo alionyesha hata la pembe ya ng'ombe. Wasichana wote, na mdogo wako Rozalia, walijibu, "Hatujaumia." Sababu unaijua. Msichana akirudi anachechemea, michezo basi, shika jembe.

Nikamwambia Atuganile, "Si unaona? Hawaumii hawa, wanadeka tu."

Akaniuliza, "Wewe daktari, huwa unawauliza, au unangoja walie?"

Lori zima likanicheka. Iliniuma, kaka.

Kwenye netiboli Rozalia aligonga kichwa kwenye mlingoti wa goli. Ni wa chuma ule. Mlio niliusikia nikiwa pembeni. Akaendelea hadi mwisho. Tulishinda.

Tangu turudi anamimina chai nje ya kikombe. Mchana analala kajifunika uso, hataki mwanga. Jana alimwita mama yako, aliyenilea mimi pia, kwa jina la bibi, na bibi tulishamzika. Mama yako alidhani ni malaria, akampa klorokwini. Vidonge vimekwisha, na sasa mkono wa kushoto haushiki kitu.

Njoo, kaka. Panda gari la kwanza litakalotoka Chunya.

Msalimie shemeji Mbuke na mtoto. Majirani, Evarista na baba Kalinga, wanawasalimu. Mungu awe mbele yako njiani.

Lipo nililoliruka. Rozalia hakuinuka mara moja pale Iyunga. Alilala chini, akaninyooshea mkono, mimi, daktari. Atuganile alikuwa ananitazama. Maji yalikuwa yamejaa ndooni. Sikusogea. Nikapaza sauti, "Inuka, bibi harusi, acha kudeka!" Watu wakacheka, naye akainuka.

Asubuhi hii nimemweleza mama yako. Hakunipiga. Alianza tu kutafuta viatu vyake vya kwendea hospitali.

Mdogo wako akupendaye hata ukimkataa,
Liberatus